Nyumba Moja, Maji Manne: Jinsi Visiwa vya Pasifiki Vinavyopata Maji ya Kunywa

Karani wa sensa anapobisha hodi katika nyumba ya Tarawa Kusini, makao makuu ya nchi ya Kiribati, fomu aliyoishika ina swali linaloonekana jepesi kuliko mengine yote: maji ya kunywa ya kaya hii yanatoka wapi hasa? Chini ya swali hilo imepangwa orodha ya majibu, na karani anatakiwa kutia alama kwenye moja. Lakini ukizunguka uwanja wa nyumba yenyewe utakuta tangi la plastiki chini ya mlizamu wa paa la bati, kisima kifupi nyuma ya jiko, bomba la shirika la umma linalotoa maji kwa saa chache na kisha kukauka kwa siku nzima au zaidi, na katika baadhi ya mitaa choo kinachosukumwa kwa maji ya bahari. Maji ya tangi ni ya kunywa na ya chai. Ya bomba ni ya kupikia, na tangi likiisha huchemshwa yakanywewa. Ya kisima ni ya kufulia, kuogea na kuoshea vyombo, ingawa mwaka wa ukame ndiyo hayo hayo yanayorudi mezani. Mama mwenye nyumba akiombwa ataje chanzo kimoja hatakuwa mwongo akisema "mvua", wala hatakuwa mwongo akisema "kisima". Inategemea ameulizwa mwezi gani.

Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo. Nyumba ya kisiwani huishi kwa maji ya namna kadhaa, kila namna ina kazi yake na hatari yake, na anayetaka kujua kwa nini watu waliozungukwa na bahari, tena katika nchi zenye mvua nyingi, hukosa maji ya kunywa, hana budi aziangalie zote kwa pamoja.

Kwanza, visiwa vyenyewe si vya aina moja. Fiji, Samoa, Vanuatu na Visiwa vya Solomon vina milima ya volkeno inayokamata mawingu, na kwa hiyo vina mito na chemchemi. Nauru, Niue na Banaba ni miamba ya matumbawe iliyoinuliwa juu ya bahari. Kiribati, Tuvalu na Visiwa vya Marshall, kwa sehemu kubwa, ni atoli: pete nyembamba za mchanga na matumbawe zinazozunguka bahari ya ndani, nchi kavu isiyopanda zaidi ya mita chache juu ya usawa wa maji, na mara nyingi nyembamba kiasi kwamba aliyesimama katikati husikia mawimbi pande zote mbili. Huko karibu hakuna mto wala kijito. Tutakaa zaidi kwenye atoli, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipo magumu na ndipo yanapoeleweka vibaya.

Katika Kiswahili cha pwani, maji baridi hayahitaji kuwa ya baridi ili yaitwe hivyo. Ni jina la maji yasiyo na chumvi, hata kama yamepata moto juani. Kwenye atoli maji hayo yapo mahali ambapo mgeni hayategemei, yaani chini ya miguu yake, yakielea juu ya bahari. Mvua ikinyesha juu ya mchanga wa matumbawe haitiririki bali huzama papo hapo. Hushuka mita moja au mbili hadi ikutane na maji ya bahari, ambayo yamekwisha kupenya mwili mzima wa kisiwa kutoka pembeni na chini. Mtu angetarajia yachanganyike na habari iishie hapo, lakini maji ya bahari ni mazito zaidi: lita moja ya maji ya mvua ina gramu 1,000, na lita moja ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 1,025. Tofauti hiyo ndogo, pamoja na mwendo wa polepole wa maji katikati ya chembe za mchanga, inatosha kuyaweka maji ya mvua juu, yakafanya tabaka nene katikati ya kisiwa na jembamba ukingoni, mfano wa punje ya dengu. Wataalamu huliita tabaka hilo lenzi ya maji baridi.

Mhandisi Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walifikia kanuni ile ile wakichunguza pwani za Ulaya: kila sentimita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na sentimita zipatazo 40 zilizo chini yake. Kwa hesabu hiyo, kisiwa ambacho maji yake ya ardhini yamesimama sentimita 25 tu juu ya bahari kingekuwa na mita 10 za maji baridi chini. Kisiwani penyewe mambo si safi hivyo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila mara huipandisha na kuishusha lenzi yote. Chini zaidi kuna mwamba wa zamani wenye mapango na nyufa ambamo maji hupita bila kizuizi. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya chini ya lenzi si baridi tena bali ni mchanganyiko, na mchanganyiko hauhitaji kuwa mkubwa ili uharibu. Sehemu 3 tu za maji ya bahari katika sehemu 100 zinatosha kuyafanya maji ya kisima yawe na ladha ambayo watu wengi hawataivumilia. Mahali kisiwa kinapokuwa na upana usiofika mita 250 hivi, lenzi ya kudumu kwa kawaida haipo kabisa.

Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mji ule umekunywa kwa miaka mingi maji yanayohifadhiwa na matuta ya mchanga ya Shela, na wenyeji wanajua kwa nini ujenzi juu ya matuta yale huzua ugomvi.

Kutokana na umbo la lenzi inatoka kanuni ya kwanza ya kisima cha atoli, nayo ni kinyume cha desturi ya bara: kwenda chini zaidi si kupata maji mazuri zaidi. Kisima cha Kiribati, kinachoitwa mwaniba, huchimbwa hadi pale maji yanapoonekana na kuachwa hapo. Mashimo ya babai, aina ya gimbi kubwa la majini linalothaminiwa sana katika karamu, huchimbwa kwa kipimo hicho hicho, mizizi ikifika kwenye maji baridi na kukomea hapo. Mtu akiteka kwa ndoo na kamba, lenzi haisikii kitu. Akifunga pampu yenye nguvu mahali pamoja, maji baridi ya hapo hupungua haraka na maji ya chumvi yaliyo chini hupanda kuziba nafasi, kama kichuguu kinachoota kuelekea mdomo wa bomba. Kisima kikishafikia hali hiyo, kuzima pampu hakukiponyi siku hiyo hiyo. Huenda kikahitaji miezi ya mvua.

Ndiyo maana maji ya bomba ya Tarawa Kusini hayatoki kwenye visima virefu. Kwenye ncha ya kusini mashariki ya atoli, kule Bonriki uliko uwanja wa ndege wa kimataifa, na Buota jirani yake, yamelazwa mabomba yenye matundu, marefu mamia ya mita, kwa usawa, chini kidogo tu ya uso wa maji ya ardhini. Mfumo huo hukwangua utandu wa juu wa lenzi kwenye eneo pana, badala ya kunyonya kwa nguvu mahali pamoja. Maji hutiwa klorini na kusafirishwa kwa bomba hadi magharibi, Betio, umbali wa kilomita zaidi ya 20.

Hesabu ya mfumo huo inasikitisha. Kiasi ambacho hifadhi hizo mbili za maji, Bonriki na Buota, zinaweza kutoa bila kuharibiwa kimekadiriwa kuwa takriban mita za ujazo 2,000 kwa siku. Tarawa Kusini ina watu zaidi ya 60,000. Ukigawa kwa usawa, bila kutoa hata tone moja kwa hospitali, shule, maofisi na mahoteli, na ukijifanya kwamba hakuna bomba linalovuja, kila mtu anapata lita 33. Mabomba yanavuja, tena sana, na hivyo maji yamekuwa yakifunguliwa kwa zamu, kwa kawaida saa mbili hivi kila baada ya siku mbili. Zamu hiyo ina ubaya wake mwingine ambao hauonekani. Bomba lililojaa maji husukuma nje kupitia nyufa zake, lakini bomba tupu huvuta ndani chochote kilichomo kwenye udongo ulio nje. Maji yaliyotiwa dawa Bonriki huweza kufika nyumbani yakiwa si yale yaliyoondoka.

Kuna na suala la ardhi, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililopuuzwa zaidi na wahandisi waliopanga mifumo hii. Ili maji yaliyo chini yabaki safi, watu walio juu wanatakiwa waondoke: pasijengwe nyumba, pasifugwe nguruwe, pasizikwe maiti, pasichimbwe mchanga. Katika nchi ambayo kipande cha ardhi ni urithi wa ukoo na hakuna kipande kingine cha kuhamia, hilo si ombi dogo. Serikali huwalipa wenye ardhi pango la kila mwaka, na malipo hayo yamekuwa chanzo cha manung'uniko ya muda mrefu. Watu wamerudi kujenga na kulima ndani ya hifadhi, na si haki kuwaita wakaidi bila kusema pia kwamba wanaombwa kubeba peke yao mzigo wa mji mzima. Hifadhi za awali, zilizokuwa katikati ya makazi, zilikwisha kuachwa kwa sababu ya uchafu. Bonriki na Buota ni zile zilizobaki.

Uchafu wenyewe si fumbo. Kwenye ukanda wa ardhi wenye upana wa mita mia chache, choo cha shimo, banda la nguruwe, kaburi la babu na kisima vinagawana mchanga mmoja. Mchanga wa matumbawe hupitisha maji upesi, na kina cha kufikia maji ni kifupi, hivyo kilichomwagwa leo hakipati muda wa kuchujwa kabla ya kufika kwenye ndoo ya jirani. Mwaka 1977 kipindupindu kiliipiga Tarawa, na baada ya balaa hilo, kwa msaada wa Australia, ulijengwa mfumo wa majitaka unaotumia maji ya bahari kusukuma vyoo katika Betio, Bairiki na Bikenibeu, ili maji baridi yasitumike kwa kazi hiyo na ili vyoo vya shimo vipungue. Wazo lilikuwa zuri, lakini halikufika kila nyumba, na maji ya bahari hula vyuma. Pwani ya wazi iliendelea kuwa choo cha wengi.

Njia mojawapo ya kukijua kisima kilichochafuka imeenea sana Pasifiki, pengine kwa sababu haihitaji maabara. Ni chupa ndogo ambayo ndani yake kuna karatasi iliyotiwa dawa. Unaijaza maji ya kisima hadi alama, unaifunga, unaiweka mahali pa joto, kisha unangoja. Ikigeuka nyeusi kabla ya siku tatu kwisha, ni dalili kwamba humo mna vijidudu vya aina inayoishi matumboni. Chupa nyeusi iliyowekwa kwenye dirisha la ukumbi wa kijiji huzungumza na watu kuliko ripoti ya kurasa mia, kwa kuwa kila mtu anajua maji yale ni ya kisima cha nani.

Kama kisima kina mashaka na bomba ni la zamu, mvua inabaki kuwa maji ya heshima. Tuvalu, nchi ya watu wapatao 11,000, huitegemea karibu kabisa, kwa sababu maji ya ardhini ya kisiwa kikuu, Funafuti, hayanyweki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walichimba ardhi ya kisiwa hicho ili kupata kifusi cha uwanja wa ndege, na mashimo waliyoyaacha yalikaa wazi kwa zaidi ya miaka 70 yakijaa maji ya chumvi na taka. Funafuti hupata takriban milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekiona kama ndoto. Tatizo liko kwenye mpangilio wa siku zake na kwenye vyombo vya kuikingia.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Paa la bati la mita 50 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 10 linakusanya lita 500. Ukitoa zinazoruka, zinazomwagika na zinazokaukia juu ya bati, zinabaki 400 hivi. Kwa watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja, hayo ni maji ya siku tatu na kidogo. Tangi la lita 10,000, ambalo ni la kawaida Funafuti, likiwa limejaa pomoni litawatosha watu hao siku 83. Hapo tumechukulia kwamba mlizamu umefungwa pande zote za paa. Mara nyingi umefungwa upande mmoja, au umetoboka, au umeziba kwa majani, na nusu ya paa inamwaga maji mchangani. Wafadhili hupenda kutoa matangi kwa sababu tangi hupigwa picha vizuri. Mlizamu hauna sura ya kupigwa picha, lakini ndio unaoamua kama tangi litajaa. Paa la makuti au la majani ya mkadi, lenye kivuli kizuri kuliko bati, halifai kwa kazi hii kwa kuwa maji yake hutoka na rangi na uchafu. Nalo tangi lisilofunikwa vizuri huzaa mbu wa homa ya dengue.

Siku 83 zilijaribiwa mwaka 2011. Baada ya takriban miezi sita ya mvua haba, serikali ya Tuvalu ilitangaza hali ya hatari tarehe 28 Septemba. Katika Funafuti kila kaya iligawiwa ndoo mbili kwa siku, yaani lita 40. Kwa nyumba yetu ya watu sita hizo ni chini ya lita 7 kwa mtu, za kunywa, kupika na kunawa kwa pamoja. Kisiwa cha Nukulaelae kilikuwa na hali mbaya zaidi. Ndege kutoka New Zealand na Australia zilileta mitambo ya kuondoa chumvi. Katika nyakati kama hizo watu wa atoli hurudi kwenye madafu, ambayo ni maji ya akiba yanayoning'inia juu ya kila kiwanja, ingawa minazi nayo ukame ukizidi huacha kuzaa.

Chanzo cha ukame ule kilikuwa La Niña, yaani kipindi ambacho uso wa Pasifiki ya kati na ya mashariki, karibu na ikweta, hupoa kuliko kawaida, na hapa Afrika Mashariki inahusika moja kwa moja. Hali hiyo ya bahari ndiyo iliyochangia kukauka kwa vuli ya 2010 katika Kenya na Somalia, na njaa iliyofuata Somalia mwaka 2011 ilikuja wakati ule ule ambao Watuvalu walikuwa wakipanga foleni na ndoo zao. Ilijirudia: Juni 2022, huku Pembe ya Afrika ikiwa imekosa misimu kadhaa ya mvua mfululizo, Kiribati nayo ilitangaza hali ya maafa kwa ukame. Lakini si Pasifiki yote inayokwenda pamoja. Katika Visiwa vya Marshall ni El Niño kali, hali iliyo kinyume chake ambapo bahari hiyo hupata joto kuliko kawaida, ndiyo inayoleta kiu, kama ilivyotokea mwanzoni mwa 2016, hali ya hatari ilipotangazwa huko. Majuro, mji mkuu wa visiwa hivyo, ulitatua tatizo la paa kwa njia inayostahili kutajwa: njia ya kurukia ndege ndiyo paa la mji. Mvua inayonyesha juu ya lami hukusanywa kandokando, ikapelekwa kwenye mabwawa makubwa, ikasafishwa, ikatiwa bombani. Ukame ukiingia, mabwawa hushuka na mji huanza kuiangalia lenzi ya Laura, upande wa magharibi wa atoli, ambako wenye ardhi wana manung'uniko yanayofanana sana na ya wenzao wa Bonriki.

Yanabaki maji ya nne, ya bahari. Mtu wa kwanza kuitazama ramani ya Pasifiki husema: si yasafishwe tu chumvi? Yanasafishwa. Mtambo husukuma maji ya bahari kwa shinikizo kubwa kupitia utando ambao matundu yake ni madogo kiasi cha kuizuia chumvi, upande mmoja yakatoka maji baridi na upande mwingine maji ya chumvi kali yanayorudishwa baharini. Nauru, ambayo zamani ililetewa maji na meli zilizokuja kuchukua fosfeti, sasa inategemea sana mitambo hiyo. Katika Ebeye, kisiwa kidogo cha Visiwa vya Marshall chenye msongamano mkubwa wa watu, wakazi walizoea kuvuka kwa boti hadi Kwajalein, penye kambi ya jeshi la Marekani, kujaza madumu. Mtambo mpya uliowekwa katika miaka ya 2010 ulirudisha maji ya bomba majumbani. Kwa Tarawa Kusini, mradi ulioidhinishwa mwaka 2019 na kugharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Asia, Benki ya Dunia na wafadhili wengine ulipanga mtambo wa mita za ujazo 4,000 kwa siku, yaani mara mbili ya hifadhi zote mbili za ardhini.

Lakini mtambo wa aina hii hula umeme, na umeme wa visiwani kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye dizeli inayoletwa kwa meli. Hula vichujio na vali na tando ambazo nazo huletwa kwa meli. Hakuna mahali panapoonyesha hatari hiyo kuliko Banaba. Kisiwa hicho cha mwamba kilikuwa na mapango yanayoitwa bangabanga, ambamo maji ya mvua yalijikusanya gizani, na ni wanawake peke yao walioruhusiwa kutambaa ndani wakiwa na vifuu vya nazi kuyateka. Uchimbaji wa fosfeti, ulioanza mwaka 1900 na kuendelea hadi 1979, uliuvuruga mwamba wenyewe, na wengi wa Wabanaba walihamishiwa kisiwa cha Rabi, Fiji, mwaka 1945. Watu wapatao 300 wanaoishi Banaba leo walijikuta wakitegemea mashine, na mwishoni mwa mwaka 2020 mashine ilipoharibika, msaada wa karibu ulikuwa mwendo wa siku nzima na zaidi baharini.

Kuhusu kupanda kwa bahari, ambako ndiko kunakotajwa kwanza kila visiwa hivi vinapozungumzwa, inafaa kwenda polepole. Bahari ikipanda, lenzi inayoelea juu yake hupanda nayo. Kinachoiua ni kisiwa kupungua upana, na mawimbi kupita juu ya nchi kavu mara kwa mara. Lenzi hushambuliwa zaidi kutoka juu kuliko kutoka chini. Mwaka 2005 kimbunga Percy kilimwaga bahari juu ya Pukapuka, katika Visiwa vya Cook. Maji ya chumvi yalizama kupitia lenzi, na ilichukua miezi 11 hivi kabla ya tabaka la juu kunyweka tena. Baada ya miezi 26 mabaki ya chumvi yalikuwa bado yanapimika chini. Mashelisheli na magimbi hayana subira ya namna hiyo. Hata hivyo, kwa miji ya atoli kwa sasa, pampu, vyoo na wingi wa watu kwenye ardhi finyu ndivyo vinavyoharibu maji kila siku, na serikali inayoilaumu bahari peke yake hujipunguzia kazi.

Visiwa vya milima vina shida za namna nyingine, nyingi zikiwa zinafahamika kwa yeyote aliyeishi kwenye miteremko ya Uluguru au Kilimanjaro: chanzo kiko juu, bomba hushuka kwa mteremko, kimbunga huleta matope na kukata mabomba, kamati ya kijiji hukosa fedha ya viungo. Volkeno huongeza lake. Mlima Yasur, kwenye kisiwa cha Tanna huko Vanuatu, hutupa majivu yanayotua kwenye mapaa na matangi. Januari 15, 2022, volkeno ya chini ya bahari ya Hunga Tonga–Hunga Haʻapai ilipolipuka, mapaa ya Tonga yalifunikwa majivu, na watu wakalazimika kutenganisha milizamu na matangi yao kabla ya kufagia juu. Meli ya jeshi la maji la New Zealand, Aotearoa, ilifika ikiwa na lita 250,000 za maji.

Sasa turudi kwa karani na fomu yake. Takwimu za kimataifa, zinazosimamiwa kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, hupanga majibu katika ngazi. Mvua, bomba na kisima kilichofunikwa ni vyanzo "vilivyoboreshwa"; kisima wazi sivyo. Chanzo kilichoboreshwa kisichozidi dakika 30 za kwenda na kurudi huitwa huduma ya msingi. Ngazi ya juu zaidi hudai maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na kinyesi wala sumu. Kwa kipimo cha huduma ya msingi, nchi nyingi ndogo za Pasifiki huonekana vizuri, huku wastani wa eneo zima ukivutwa chini na Papua Guinea Mpya, yenye watu wengi kuliko nchi nyingine zote za visiwa hivyo zikijumlishwa na ambako chini ya nusu yao wana huduma hiyo. Nyumba yetu ya Tarawa ingehesabiwa kuwa na chanzo kilichoboreshwa mwezi wa mvua, na pengine isihesabiwe miezi minne baadaye, bila tofali wala bomba kubadilika.

Kwa sababu hiyo tafiti za kaya za miaka ya karibuni, ukiwamo ule wa Kiribati wa 2018–2019, hazikutosheka na swali. Mdadisi huuliza maji ya kunywa na ya matumizi mengine kila moja peke yake, huuliza kama katika mwezi uliopita yaliwahi kukosekana, kisha huomba bilauri moja ya maji ambayo watu wa nyumba hiyo hunywa kwa kawaida. Mililita 100 za bilauri hiyo hupitishwa kwenye kichujio, kichujio huwekwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, na kisahani hukaa kwenye joto linalokaribia lile la mwili kwa siku moja au mbili. Kipimo kama hicho hufanyika pia kwa maji ya pale yalipotekwa, kwenye tangi, bomba au kisima, ili ijulikane kama uchafu uliingia ardhini au uliingia njiani, kwenye ndoo na kata ya kuchotea. Kisha mdadisi hukitoa kisahani na kuanza kuhesabu vidoa vya buluu, kila kimoja kikiwa kundi la bakteria wa kinyesi.